Kimo cha Mama Pindo

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Pindo alifunika cherehani yake kwa shuka kuukuu, akachomeka sindano tatu kwenye kola ya gauni kama alivyozoea, akafunga mlango wa kibanda na kwenda chuoni kulipa ada ya binti yake. Malipo yalifanyika dirisha namba tatu. Mbele yake walikuwepo watu kumi na mmoja. Wanne walishika bahasha za fedha. Hao walipitia upande wa kulia na hawakuchelewa. Saba hawakuwa na bahasha. Hao walikuwa wanavua viatu.

Pembeni ya dirisha kilisimama kipimo cha mbao, cha aina ile ile ya kliniki za watoto, chenye kibao kidogo kinachoteremshwa mpaka utosini. Foleni ilikwenda vizuri. Zamu yake ilipofika, Mama Pindo alipanga ndala zake ukutani, akapanda.

"Simama wima," alisema karani. "Visigino vishike ubao. Kidevu usikiinue, mama, haisaidii."

Kibao kikateremka.

"Mia moja sitini na nne. Muhula ni tano."

"Tano tu?"

"Tano tu. Kwa sasa."

Karani akagonga mhuri. Mama Pindo alihisi kama mtu anayeshuka ngazi akidhani vipandio vimekwisha, kumbe bado kimoja. Basi. Aliposhuka, pindo la gauni lake liligusa sakafu. Risiti iliandikwa vizuri, kwa wino wa bluu: imepokelewa, sentimita tano. Akaikunja mara mbili, akaitia kifuani, akachomoa sindano mbili kutoka kwenye kola na kupandisha gauni palepale ili lisifagie barabara.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Alishona sare za shule, na hakuna fundi mwingine mtaani aliyeacha pindo refu kama lake. Mzazi alimleta mtoto, akasema, "Tuachie pindo, fundi, huyu anarefuka kama moshi," naye aliacha vidole vinne, wakati mwingine vitano, akivikunja kwa ndani na kuvishikiza kwa uzi mwepesi. Kila mwaka mzazi alifumua mkunjo mmoja. Sketi moja ilimaliza miaka mitatu. Maisha yake yote alikuwa amewashonea watu wanaokwenda juu.

Ndiyo maana alifanya kosa lile. Siku barua ya chuo ilipofika, kabla hata hajauliza ada, alikata kitambaa cha zambarau alichokuwa amekificha sandukuni, akajishonea gauni la kuvaa siku ya mahafali. Alilikata kwa kimo chake cha siku hiyo, na kwa kuwa mkono ulishazoea, akaacha na pindo la vidole vinne. Akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Lilikuwa gauni zuri, lakini hakuna aliyelitazama kwa makini.

Kwenye fremu ya mlango huohuo kulikuwa na alama za penseli za mabinti wawili. Za kifungua mimba zilifika juu kabisa. Za mdogo wake, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, zilikuwa bado zinapanda. Alasiri ile Kitinda, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alimsimamisha mama yake mlangoni, akamwekea kitabu kichwani na kuchora mstari.

"Mama, wewe unakwenda chini."

"Na dada yako anakwenda juu. Kuna ubaya gani?"

Binti, ambaye alikuwa amechaguliwa kusomea ufamasia, alipiga hesabu nyuma ya bahasha ya barua. Miaka minne, mihula minane, sentimita arobaini. Mama angebaki na mia moja ishirini na nne.

"Hicho ni kimo cha mtoto wa darasa la tatu, mama."

"Nilishawahi kuwa darasa la tatu," alisema Mama Pindo. "Hapakuwa pabaya."

Mwaka wa kwanza ulikwenda kama ulivyohesabiwa. Jirani yake wa kibanda cha pili, fundi viatu, alimkatia upya ndala kila muhula, bila kumdai, kwa ngozi za masalio. Alikuwa mtu wa maneno mengi.

"Mama Pindo, leo umepiga magoti au umesimama?"

"Nimesimama. Wewe ndiye umepanda mti."

Fundi viatu naye alikuwa na mtoto wa kiume aliyewahi kupata barua ya chuo. Baba mtu alikwenda mpaka dirisha namba tatu, akakitazama kipimo, akarudi na viatu vyake miguuni. Alisema kimo alipewa na mama yake na hakigawi. Sasa kijana alibeba magunia kwenye ghala, na akipita mbele ya kibanda alitazama upande wa pili wa barabara. Fundi viatu alibaki na sentimita zake mia moja sabini na nane, na chakula cha jioni alikula peke yake.

Mwaka wa pili karatasi ilibandikwa dirishani. Muhula ulikuwa sentimita nane. Sababu ilikuwa gharama za uendeshaji. Mwaka wa tatu karatasi nyingine ilibandikwa juu ya ile, na muhula ukawa kumi na tatu. Sababu haikubadilika, kwa hiyo karatasi ya chini iliachwa ionekane kidogo. Nyuma ya dirisha jengo la utawala liliongezwa ghorofa mbili, zenye milango mirefu kuliko kawaida.

"Na mtu akiisha?" Mama Pindo aliuliza siku hiyo, akiwa amesimama kwenye kipimo.

Karani alifikiri. "Hilo halijaulizwa bado," alisema, akagonga mhuri.

Sentimita mia moja ishirini na tano. Miguu yake haikufika tena kwenye pedali ya cherehani. Siku za Jumamosi binti alikuja kumsukumia pedali huku akisoma vitabu vyake juu ya mapaja, majina marefu ya dawa akiyatamka kwa kufuata mwendo wa sindano. Siku nyingine Mama Pindo alikaa juu ya meza yenyewe, akazungusha gurudumu kwa mkono. Kazi ilikwenda polepole, lakini pindo lake lilikuwa lilelile. Wateja waliendelea kuja. Mmoja, mgeni, alimpapasa kichwani akamuuliza mama yake yuko wapi.

"Ondoa mkono," Mama Pindo alimwambia. "Mimi nimeshazaa mara mbili. Mlete mtoto nimpime."

Sauti yake haikuwa imepungua hata kidogo.

Katikati ya mwaka huo binti alikwenda dirisha namba tatu peke yake. Alikuwa ameamua kuacha. Alikuwa ameamua tangu siku aliyomwona mama yake akiegemeza kigari cha mtoto wa jirani ukutani, akikipanda ili afikie swichi ya taa.

"Ukiacha, zilizolipwa hazirudi," karani alisema. "Imeandikwa nyuma ya risiti."

"Na nikiendelea?"

"Ukiendelea, zinaendelea."

Binti akabaki amesimama. Karani akatazama nyuma yake, akaona hakuna mtu kwenye foleni, akajiinua kidogo kutoka kitini ili binti aone alichokalia. Ilikuwa mito mitatu, mmoja juu ya mwingine.

"Wa kwangu yuko mwaka wa tatu, anasomea sheria," alisema. "Nenda kasome, mwanangu. Ukiacha sasa utakuwa umemfupisha bure."

Binti akarudi darasani. Baada ya kipindi alimuuliza mhadhiri wake kama ipo dawa ya kurudisha kimo. Mhadhiri hakumshangaa. Alisema somo hilo lilikuwepo zamani, lakini mwalimu wake alistaafu na nafasi haikujazwa.

Baada ya muhula wa sita, Mama Pindo akiwa na sentimita mia moja na kumi na mbili, serikali iliunda tume. Tume ilitakiwa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu swali moja: je, serikali iweke ukomo wa ada za vyuo, au ada ziachwe zijipange zenyewe. Swali hilo liliandikwa kwenye kitambaa kirefu na kutundikwa mbele ya ukumbi. Siku ya kikao wazazi mia tatu walifika tangu asubuhi, wakakaa.

Mwenyekiti wa tume alipanda jukwaani, akaweka miwani, akautazama ukumbi.

"Tunaanza saa nne," alisema, "na mpaka sasa naona viti vitupu. Wazazi mbona hawajafika?"

"Tupo," ilisema sauti kutoka kwenye viti.

"Tupo," zilisema nyingine.

Vichwa havikuwa vinapita migongo ya viti. Mwenyekiti akaomba radhi, akaandika kwamba mahudhurio yalikuwa mazuri.

Mwakilishi wa vyuo alizungumza dakika arobaini. Alisema ukomo utaua ubora. Alisema elimu haipimwi kwa futi ya fundi. Alisema pia, na hapo alipunguza sauti kwa huruma, kwamba ukomo utawaumiza maskini, kwa sababu vyuo vitakosa uwezo wa kuwasaidia maskini. Baadhi ya wazazi walipiga makofi kwa heshima, kwa kuwa alikuwa mtu mzima na alikuwa anatokwa jasho.

Mama Pindo alipoitwa alipanda juu ya kiti. Kipaza sauti kilishushwa mpaka mwisho wake, na bado kikawa juu, kwa hiyo alizungumza bila hicho.

"Mimi ni fundi wa sare," alisema. "Mtu akiniletea mita mbili za kitambaa, nashona gauni la mita mbili. Siwezi kukata la mita tatu halafu nikamwambia gharama za uendeshaji. Sikatai kulipa. Wangu anasoma, na anasoma vizuri. Nauliza jambo moja tu. Kabla hamjakata, kuna aliyewapima wazazi?"

Mwenyekiti aliandika muda mrefu.

"Hoja nzito," alisema. "Anayefuata."

Ripoti ilitoka baada ya miezi saba. Ilikuwa na kurasa mia tatu arobaini. Ukurasa wa mia tatu thelathini na nane ulisema suala la ukomo linahitaji utafiti zaidi, na kwamba utafiti huo utakapokamilika itaundwa tume. Kwa sasa, ili kulinda utu wa mzazi, kila mzazi anayelipa kwa kimo atapewa kigoda kimoja cha plastiki, mara moja tu kwa kila mtoto.

Kigoda kilifika kibandani siku ya Alhamisi, cha rangi ya kijani, pamoja na nakala ya ripoti. Mama Pindo alikiweka kigoda juu ya kiti, akaiweka ripoti juu ya kigoda, akapanda. Gurudumu la cherehani alilifikia bila shida.

"Ni nene," alimwambia fundi viatu. "Wamefanya kazi."

Fundi viatu hakuwa na mzaha siku hiyo. Alirudi kibandani kwake, akakata kipande cha ngozi, akakigundisha chini ya miguu ya kigoda ili kisiteleze.

Mwaka wa nne muhula wa kwanza ulikuwa sentimita ishirini. Wa pili ulikuwa ishirini na sita. Mama Pindo hakuweza tena kupanda kipimo kile cha kusimama, lakini chuo kilikuwa kimeshaleta kingine, cha kulaza, chenye ubao wa kugusa nyayo. Alibaki na sitini na sita. Kisha ikatoka orodha ya malipo ya joho na cheti, nayo ilikuwa sita. Binti alisema cheti kinaweza kusubiri.

"Nimekuja kote huku," alisema Mama Pindo, ambaye sasa alilala kwenye kapu la vipande vya vitambaa na kutoka nje kwa mikono ya binti zake, "halafu nikwame kwa sita?"

Sitini kamili. Asubuhi ya mahafali aliomba gauni la zambarau lishushwe msumarini. Alilitazama kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Lilikuwa la mtu mkubwa sana. Alijaribu kumkumbuka mtu huyo, akashindwa kidogo.

"Nililiachia pindo," alisema. "Angalia akili yangu."

Kutoka kwenye mkono mmoja wa gauni Kitinda alimkatia mama yake gauni kamili, mama mwenyewe akielekeza kwa kidole wapi pa kupita mkasi. Mwili wa gauni, pamoja na pindo lake la vidole vinne lililofumuliwa, ukawa mbeleko. Binti alivaa joho, akamweka mama yake mgongoni, akakaza fundo kifuani, akamfunika kichwa kwa ncha ya kitambaa kwa sababu jua lilikuwa limeshatoka.

Mlangoni mwa ukumbi mlinzi alinyoosha mkono.

"Watoto hawaruhusiwi."

"Huyu ndiye mzazi," alisema binti, akaonyesha risiti tisa.

Mlinzi alizihesabu, akampisha. Alikuwa ameshawapisha wengi. Ndani ya ukumbi, wahitimu walisimama kwa mistari, na migongo mingi ya majoho ilikuwa imetuna. Baadhi ya wazazi walikuwa wamesinzia. Mmoja alikuwa analia, na kijana wake alimbembeleza kwa kuchezesha magoti, huku macho yake yakitazama mbele. Jina la binti lilipoitwa, Mama Pindo aliona jukwaa, kofia, mikono ya watu warefu, vyote kutokea nyuma ya sikio la mwanawe.

"Simama wima," alimnong'oneza.

Ilimchukua binti miezi kumi na mmoja kupata kazi. Mwenye duka la dawa wa kwanza alimwambia hawaajiri wenye watoto wachanga. Wa pili alimwambia hivyohivyo. Binti alieleza kwamba ni mama yake, na wa pili akasema anaelewa, hata yeye, lakini duka halina pa kumlaza. Wa tatu alimchukua kwa mshahara uliotosha chumba, mkaa na unga. Jioni alimwogesha mama yake kwenye beseni, akamfuta maji nyuma ya masikio, akamkata kucha kwa mkasi mdogo wa nyuzi, akizuia pumzi asije akamkata. Mama yake alimwambia anatumia sabuni nyingi. Wakati mwingine, akiwa ameshafungwa kwenye taulo, alilala kabla ya kumaliza kugomba, na binti alibaki amemshika hivyo, bila kusogea, mpaka chakula kikaungua.

Barua ya Kitinda ilifika mwaka uliofuata. Alichaguliwa kusomea ualimu. Aliificha siku tatu kwenye droo ya chini ya meza ya cherehani, chini ya vifungo, akisahau kwamba droo ya chini ndiyo pekee mama yake aliyoifikia.

"Siendi," alisema Kitinda. "Nitashona. Pindo lako nalijua."

"Utamshonea nani?" aliuliza Mama Pindo. "Watu wenyewe ndio hao wanakwisha."

Binti alichukua bahasha ya barua, akaigeuza, akatafuta penseli. Ada mpya ilikuwa sentimita ishirini na sita kwa muhula. Mihula minane, mia mbili na nane. Alisimama kwenye fremu ya mlango, na Kitinda akamwekea kitabu kichwani.

"Usijinyooshe, dada."

"Sijinyooshi."

Mia moja sitini na nane. Hazikutosha. Waliitazama bahasha. Nje fundi viatu alikuwa anagonga misumari.

"Na zangu sitini," alisema Mama Pindo kutoka kwenye kapu.

Kitinda alirudisha kitabu mezani.

"Nimesema na zangu sitini. Jumlisha."

Binti akajumlisha. Mia mbili ishirini na nane. Zilibaki ishirini.

"Isipopanda," alisema Kitinda.

"Isipopanda," alisema mama yake. "Sasa acheni kunitazama, mmoja wenu aweke chai."

Jumatatu, saa mbili kasorobo, binti alifunika cherehani kwa shuka kuukuu, akamfunga mama yake mgongoni na kwenda chuoni. Kitinda alitembea nyuma yao, ameshika barua kwa mikono miwili. Foleni ya dirisha namba tatu ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi. Dirishani karani alionekana utosi na macho tu. Mito ilikuwa saba. Mwanawe alikuwa amemaliza sheria, alisema, na anatafuta kazi.

"Panda," alisema karani. "Mtoto ashuke kwanza."

"Ni mama."

Karani alijivuta mpaka ukingo wa dirisha, akamtazama Mama Pindo. Mama Pindo naye akamtazama. Walikuwa wamejuana muda mrefu.

"Basi naye ashuke," alisema karani taratibu. "Tunapima mmoja mmoja."

Binti alifungua fundo kifuani. Alimlaza mama yake kwenye kipimo cha kulaza, juu ya kitambaa cha zambarau ili asipate baridi ya ubao, akavua viatu vyake, akavipanga ukutani. Nyuma yao, mwanamume aliyefuata kwenye foleni aliinama na kuanza kufungua kamba za viatu.